Nawafundisha kazi wahandisi wapya, kisha wanakuwa mabosi wangu. Nirudi chuoni?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni fundi sanifu wa mitambo, nina stashahada, na nimefanya kazi katika kiwanda kimoja tangu nitoke chuoni. Sasa nimevuka miaka 35, nina mke na watoto. Kazi naipenda, na sijisifu nikisema naijua. Nikiingia zamu asubuhi, kwa kusikiliza tu najua mashine ipi imeamka vibaya.

Kinachoniuma ni hiki. Kila baada ya muda analetwa mhandisi mpya, kijana mwenye shahada, na mimi ndiye ninayekabidhiwa nimzungushe. Namwonyesha vali zilipo, namwambia ipi haifungi mpaka uigonge kidogo, namsomea michoro ya zamani ambayo haifanani tena na mabomba yaliyopo. Akishaelewa anahamia ofisini, na tangu hapo mimi ndiye ninayemfuata aniwekee saini nipate vipuri stoo. Siwachukii. Huyu wa sasa ana adabu zake, ananiita kaka, na asipojua anauliza. Lakini ameniacha mbali kwa mshahara tangu siku aliyoripoti.

Nikupe mfano. Tuna pampu inayovuta maji ya moto kutoka kwenye tangi na kuyapeleka kwenye boila. Beringi zake hazidumu. Nimezibadilisha mara nyingi mpaka naweza kuifungua na kuirudisha huku napiga soga. Mhandisi wa kwanza alisema beringi ni feki, tukabadilisha muuzaji. Aliyemfuata akasema tunazidisha grisi. Huyu wa sasa anasema pampu imezidiwa na anataka iagizwe kubwa zaidi. Mimi kuna mambo mawili nimeyaona. Tangi likijaa pampu inatulia, likishuka inapiga kelele kama inasaga kokoto. Tena nikiibana kidogo vali ya upande wa kutolea, kelele inapungua. Niliyasema kikaoni, wakaniuliza kwa nini iwe hivyo. Sikuwa na jibu. Nikanyamaza, wakaendelea na habari ya pampu kubwa.

Juzi meneja aliniita akaniwekea mambo mawili mezani. La kwanza, kiwanda kinisaidie ada nikasome shahada ya uhandisi, ama kwa likizo ya masomo ama kwa masomo ya jioni, kwa mkataba wa kurudi kuwatumikia. La pili, niwe msimamizi wa mafunzo ya wanagenzi, kwa nyongeza ya mshahara inayoanza mara moja. Anataka nichague moja.

Mke wangu anasema nisome, maana kiwandani heshima inatokana na cheti. Rafiki yangu wa karakana anacheka. Anasema shahada ni karatasi tu, wahandisi wenyewe hata spana hawajui kuishika. Mimi mwenyewe naogopa hesabu. Kalkulasi niliiacha chuoni na sikuwahi kuitamani tena.

Nishauri.

Fundi Sanifu, Njia Panda

JIBU

Marahaba, ndugu yangu.

Mambo ya mshahara na heshima nitayafikia, ila niruhusu nianze na pampu, kwa sababu uliandika habari zake kwa hamu kuliko kitu kingine chochote katika barua hii.

Uliyoyaona yote mawili ni ya kweli, na inavyoelekea chanzo chake ni kimoja. Maji hayachemki kwa moto peke yake. Presha ikishuka vya kutosha yanachemka pia. Maji ya nyuzi 80 za Selsiasi, kwa mfano, huanza kuchemka presha inapofika kilopaskali 47 hivi, na hiyo haifiki nusu ya presha ya hewa kwenye usawa wa bahari. Sasa, mahali penye presha ndogo kuliko pote ndani ya pampu ni pale maji yanapoingia kwenye impela, lile gurudumu lenye mapanga linalozunguka na kusukuma maji. Kama maji tayari ni ya moto na presha ya kuvuta ni ndogo, yanachemka hapo hapo na kutoa mapovu ya mvuke. Mapovu yakisogea hatua chache kwenye presha kubwa yanabomoka ghafla, na kila linalobomoka linagonga chuma. Hizo ndizo kokoto unazozisikia. Tangi likijaa, kina cha maji kinaongeza presha kwenye mlango wa pampu. Ukibana vali ya kutolea, maji yanayopita yanapungua, na pampu inayopitisha maji machache haidai presha kubwa mlangoni. Hakuna muujiza wowote, na hukuwa unaota.

Ukiweka pampu kubwa kwenye tangi lile lile na bomba lile lile la kuvutia, itataka kuvuta maji mengi zaidi, msuguano bombani utaongezeka, na tatizo litazidi. Ama beringi, hizo ni majeruhi tu. Beringi ya gololi haivumilii mzigo wa ziada: kwa kanuni inayotumiwa kukadiria umri wake, mzigo ukiongezeka mara 2, umri unabaki 1/8. Pampu inayotetemeka kutwa nzima inaongeza mzigo huo bila mtu kuuona, na hapo ubadilishe muuzaji, ubadilishe grisi, utarudi pale pale.

Mimi sijaiona pampu hiyo, kwa hiyo usinibebe kikaoni kama shahidi. Beba vipimo. Pima presha ya upande wa kuvuta na joto la maji wakati tangi limejaa, kisha wakati limeshuka. Fungua chujio la upande wa kuvutia, maana likiziba linaleta dalili hizi hizi, na kulisafisha hakuhitaji kikao. Siku utakayoifungua tena pampu, tazama impela kwenye kingo za mapanga zilizo karibu na mlango. Ukikuta vishimo vidogo vidogo kama chuma kimeliwa, umepata ushahidi. Kisha mwombe kijana wako atafute grafu ya mtengenezaji wa pampu. Mara nyingi pale kuna mstari unaoonyesha presha ambayo pampu inaidai mlangoni kwa kila kiwango cha maji. Mkae naye mlinganishe mstari huo na vipimo vyako kabla oda ya pampu kubwa haijatoka, na ripoti iwe na majina yenu wote wawili.

Nimekueleza kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali lako. Yule kijana, kama alisomea mitambo, hayo ya mapovu amefundishwa; ni somo la kawaida la pampu. Ila hakuwahi kuisikia pampu ikisaga kokoto, wala hakujua kuwa inanyamaza tangi likijaa, kwa hiyo alilosoma halikumjia kichwani. Wewe uliyasikia yote ukakosa mahali pa kuyapachika. Kiwanda kinalipa mishahara miwili na bado kinanunua beringi kila mara. Ukiniuliza elimu ya ufundi na uhandisi ina kazi gani viwandani, nitakwambia ni kuziba pengo hilo. Na linazibika ndani ya kichwa cha mtu mmoja vizuri zaidi kuliko kwenye vikao.

Rafiki yako anayeita shahada karatasi, msimulie habari ya hoteli ya Hyatt Regency huko Kansas City, Marekani. Ukumbini mwake kulikuwa na vijia vya kutembelea vilivyoning'inizwa kutoka darini kwa fito za chuma, cha ghorofa ya 4 kikiwa juu ya cha ghorofa ya 2. Mchoro wa kwanza ulitaka kila ufito ushuke mzima kutoka darini, upenye kwenye boriti ya kijia cha juu, ufike mpaka cha chini. Watengenezaji wa vyuma waliona shida ambayo hata wewe ungeiona: ili nati ya kijia cha juu ifike mahali pake, ufito mrefu ungepaswa kuchongwa uzi wa kuzungushia nati sehemu kubwa ya urefu wake. Likaja pendekezo la fito mbili: mmoja kutoka darini hadi kijia cha juu, mwingine kutoka kijia cha juu hadi cha chini. Kazi ikawa rahisi. Lakini kwa mpango huo nati iliyo chini ya boriti ya juu, ambayo ilikuwa ibebe kijia kimoja, sasa ilibeba viwili. Tarehe 17 Julai 1981, ukumbi ukiwa umejaa watu, vijia vilianguka na watu 114 wakafa.

Hesabu iliyokosekana pale ni ya mwaka wa kwanza. Unachora boriti peke yake, unaweka kila nguvu inayoigusa, unajumlisha. Na asije rafiki yako akashangilia kwamba mafundi ndio walioharibu, wala wahandisi wasijione wamepona. Michoro hiyo ya karakana ilipita kwa wahandisi ikapigwa muhuri, na uchunguzi ulikuta kwamba hata muundo wa mwanzo usingefikia kiwango cha kanuni za ujenzi za mji ule. Leseni zilichukuliwa. Hoja ya karakana ilikuwa ya maana kabisa kwa upande wa kutengeneza, iliyotakiwa ni mtu mmoja wa kuuliza, "Tukifanya hivi, mzigo unapita wapi?" Swali hilo ndilo wanalopaswa kukufundisha chuoni. Chuo kisichokufundisha hilo, hapo rafiki yako yuko sahihi, wamekuuzia karatasi.

Shemeji naye ana hoja, ila usiifanye kuwa sababu kuu. Ukienda chuoni kwa sababu umechoka kuomba saini kwa vijana, utachoka mapema. Mwaka wa pili wa hesabu, usiku, watoto wamelala, heshima ya baadaye haimwamshi mtu mezani. Anayeamka ni yule anayetaka kujua kwa nini.

Kabla hujajaza fomu, elewa unachokwenda kununua. Kuna makubaliano matatu ya kimataifa yanayotumika kulinganisha elimu ya kazi zetu. La Washington la mwaka 1989 ni la wahandisi, la Sydney la 2001 ni la wanateknolojia wa uhandisi, na la Dublin la 2002 ni la mafundi sanifu. Kwa kipimo chao tofauti haiko kwenye akili. Iko kwenye aina ya matatizo mtu anayoandaliwa kuyakabili. Fundi sanifu anaandaliwa kwa tatizo ambalo mipaka yake inajulikana na njia yake imeshazoeleka. Mwanateknolojia kwa tatizo pana zaidi, ambalo atalitatua kwa kutumia teknolojia iliyopo. Mhandisi kwa tatizo tata, ambalo jibu lake halimo kitabuni na pande zake zinavutana. Kuibadilisha beringi ni la aina ya kwanza. Kusema kwa nini inakufa ni la pili. Kuamua kama mfumo wote wa maji ya boila upangwe upya, kwa gharama gani na kwa hatari gani, linaelekea la tatu. Wewe jioni ukiwa njiani kurudi nyumbani unafikiria lipi? Kwa barua yako nahisi ni la pili, na la tatu unalichungulia. Kwa hiyo uliza kama chuoni kwenu kuna shahada ya teknolojia ya uhandisi, yenye maabara nyingi na nadharia ya kutosha. Watu huidharau kwa jina tu. Mtu aliyekulia karakanani mara nyingi inamfaa kuliko ile ya nadharia tupu, ingawa lazima kwanza ujue bodi inayosajili wahandisi nchini kwako inaipa hadhi gani.

Kuhusu wanagenzi. Najua wengi wanaona kazi hiyo ni ya kumweka mtu kando. Si hivyo kila mahali. Ujerumani kijana anayejifunza ufundi hugawa wiki yake kati ya kampuni na shule, kwa miaka 2 hadi 3 na nusu, na katika kampuni anapaswa kuwa chini ya mtu aliyethibitishwa kwamba anaweza kufundisha. Fundi mkuu wao, anayeitwa Meister, kwenye ngazi za sifa za nchi ile amewekwa ngazi ya 6, sawa na mwenye shahada ya kwanza. Viwanda vyao vinajua thamani ya mtu huyo. Swali ni kama chako kinaijua, au kinakupa cheo ili mambo yasonge huku vijana wakifagia karakana. Muulize meneja vifaa viko wapi, wanagenzi watapewa saa ngapi, na nani atakayewapima. Asipokuwa na majibu, basi bado hakuna mafunzo, kuna nyongeza ya mshahara tu.

Hata hivyo unayojua lazima yafundishwe na mtu, uende chuoni au usiende. Na si kwa kumzungusha kijana akuangalie. Mwaka 1868 huko Moscow, Victor Della-Vos, mkuu wa shule ya ufundi, alikaa akazivunja kazi za karakana vipande vipande, akavipanga kutoka chepesi hadi kigumu, kila kipande na zoezi lake. Kabla yake mwanafunzi alijifunza kwa kumfuata fundi na kuokota alichobahatika kukiona. Wewe ukiweza kuandika "namna ya kusikiliza pampu" kwa hatua ambazo kijana wa miaka 18 anaweza kuzifuata peke yake, kiwanda kitakuwa kimepata kitu ambacho sasa hivi kinatembea na miguu yako na siku ukihama kinahama nawe.

Basi ushauri wangu: nenda ukasome, kwa masomo ya jioni, na usikubali kwamba lazima uchague moja. Rudi kwa meneja na pendekezo lako. Mwaka wa kwanza uanzishe mafunzo ya wanagenzi kwa kiwango kidogo, huku ukijiandaa kwa chuo; masomo yakianza, umkabidhi mwenzako mliyeanza naye, ubaki na kipindi kimoja kwa wiki. Meneja mwenye akili atalipenda, kwa sababu anapata vyote viwili.

Likizo ndefu ya masomo siipendi kwa mtu wa aina yako. Herman Schneider, aliyefundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, mwaka 1906 alianza na wanafunzi 27 waliokaa wiki moja darasani na wiki inayofuata kiwandani, wakibadilishana zamu. Wengi walimwona anachezea elimu. Mpango wake unaigwa mpaka leo, na sababu haihitaji falsafa: ukifundishwa habari za mtetemo Jumanne, kisha Jumatano ukasimama mbele ya mashine inayotetemeka, somo linakaa. Masomo ya jioni yanakupa nafasi hiyo hiyo. Yanachosha, sikudanganyi, na shemeji ajue mapema kwamba kwa miaka kadhaa atakuwa na mume nusu.

Hesabu zisikutishe kiasi hicho. Wanaoanguka kwenye kalkulasi wengi huangushwa na aljebra: kuhamisha herufi, sehemu za sehemu, vipeo. Anza huko, miezi kadhaa kabla ya kujiunga, kila siku kidogo, kisha trigonometria. Kalkulasi yenyewe unaifanya kila zamu bila kuiandika. Unapotazama tangi likishuka ukasema "hili litafika chini kabla ya saa nane," umeangalia kasi ya mabadiliko na kukadiria jumla yake. Mwanafunzi wa miaka 19 anayekaa nawe darasani atakuwa mwepesi kuliko wewe kwa kalamu, lakini hatakuwa na tangi la kufikiria.

Chuo ukikiendea, uliza kama kozi yenyewe imetambuliwa na bodi ya usajili, maana kutambuliwa kwa chuo peke yake hakutoshi. Uliza pia stashahada yako na miaka ya kazi vinakupunguzia masomo gani. Vyuo vingine vinakubali kukuondolea masomo ya karakana, na hakuna sababu ya kulipia kufundishwa kutumia mashine ya kukereza wakati wewe unawafundisha wengine.

Na ule mkataba wa kurudi kuwatumikia, usitie saini siku utakayopewa. Nenda nao nyumbani. Tazama utatumikia miaka mingapi, na kama deni la ada linapungua kila mwaka unaotumikia au linabaki zima mpaka siku ya mwisho. La pili likatae. Tazama nini kinatokea kiwanda kikikupunguza kazi kabla hujamaliza, kwa sababu mikataba mingi inazungumzia mfanyakazi kuondoka na inasahau mwajiri kumwondoa. Cha mwisho, na hapa ndipo wengi wanapolizwa, idai sentensi moja inayotaja cheo na ngazi ya mshahara utakayowekwa ukishapata shahada. "Tutaangalia nafasi zitakazokuwepo" haitoshi. Wasipotaka kuiandika, masomo endelea nayo, ila ada jilipie mwenyewe hata kama ni polepole, ubaki huru kwenda kwa atakayeiandika.